Tumwendee ndugu kabla ya kumtangaza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na Wakristo wenzangu juu ya namna tunavyoonyana, kwa kuwa jambo hili, ambalo Bwana Yesu mwenyewe aliliwekea utaratibu, katika sharika zetu nyingi linafanywa kinyumenyume.

Utaratibu huo uko katika Mathayo 18: “Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu, akikusikia, umempata nduguyo.” Asiposikia, unachukua mtu mmoja au wawili, asipowasikia hao, ndipo kanisa linapoambiwa. Siku hizi kanisa ndilo linaloambiwa kwanza. Habari huanzia kwenye kundi la WhatsApp la kwaya au la jumuiya, Jumapili ikasikika katika mahubiri kwa mafumbo ambayo kila aliyeketi anajua yanamlenga nani, na mhusika huwa wa mwisho kuelezwa, pengine na mwanawe aliyeyasikia kwa watoto wenzake. Hapo hakuna ndugu aliyepatikana. Mtu aliyeaibishwa mbele ya familia yake hupigania heshima yake kwanza, na lile kosa lililopaswa kutubiwa linasahaulika katika ugomvi mpya wa nani alisema nini.

Najua jibu ambalo hutolewa: Paulo alimkemea Petro hadharani kule Antiokia. Ni kweli, na Wagalatia sura ya 2 haifichi. Lakini tuisome yote. Petro alikuwa akila pamoja na watu wa Mataifa, yaani waamini wasio Wayahudi, kisha walipokuja watu kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akajitenga na hao wa Mataifa kwa hofu. Wayahudi wengine wakamfuata, hata Barnaba akachukuliwa. Kosa lilikuwa limefanywa mezani mbele ya wote, na kiongozi mkubwa, nalo lilikuwa likiwaumiza waamini wachanga siku ileile. Tena Paulo alimwambia Petro mwenyewe, uso kwa uso. Anayechukua kisa hiki kuhalalisha kumwanika mama mjane aliyekosana na jirani yake anamsingizia Mtume.

Yapo pia makanisa ambamo binti aliyepata mimba kabla ya ndoa hutengwa na Meza ya Bwana, kisha husimamishwa mbele ya usharika kabla ya kupokelewa tena, na kijana aliyehusika naye anaendelea kuimba kwaya kwa sababu mwili wake hauonyeshi kitu. Sisemi dhambi iitwe kwa jina lingine. Nasema kwamba nidhamu inayomkamata tu yule asiyeweza kujificha haijafika kwenye ukweli, na binti huyo analijua hilo kuliko wazee wanaomhoji.

Ndipo tunapofika kwenye upande wa pili, ambao naona ni mbaya zaidi, nao ni kunyamaza. Mambo ya Walawi 19:17 inatuambia tusimchukie ndugu moyoni, na hapohapo inatuagiza tumkemee, ili tusichukue dhambi kwa ajili yake. Hata hivyo mfadhili mkuu wa ujenzi wa kanisa anapowadhulumu vibarua wake ujira, wazee wanakaa kimya na kusema kwamba wanadumisha amani na upendo. Nabii Nathani hakumpenda Daudi namna hiyo. Alimwendea mfalme aliyekuwa amekwisha kumchukua mke wa askari wake Uria na kumuua Uria mwenyewe, akamsimulia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja, akamwacha ahukumu mwenyewe, kisha akamwambia, “Wewe ndiwe mtu huyo.” Kila neno lilikuwa kweli, na lilisemwa kwa njia iliyompa mkosaji nafasi ya kuliona kosa kabla ya kuanza kujitetea.

Mfano ninaoupenda zaidi, na ambao hauhubiriwi mara nyingi, ni wa Priskila na Akila kule Efeso. Apolo alikuwa msemaji hodari, mwenye bidii, ila aliujua ubatizo wa Yohana tu. Wale mume na mke walimsikia katika sinagogi, wakamchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Matendo 18 inaendelea kusimulia jinsi alivyokwenda Akaya, huko Ugiriki, akawasaidia sana waamini. Naamini angekatizwa katikati ya mahubiri yake, Akaya wangempoteza mwalimu.

Na aliyerudi asiendelee kuadhibiwa. Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya mtu aliyekwisha kukemewa kwamba adhabu ile inamtosha, sasa wamsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni ipitayo kiasi. Tunao watu waliotubu miaka mingi iliyopita ambao bado hawapewi hata kazi ya kupokea wageni mlangoni.

Ombi langu kwa mabaraza ya wazee na viongozi wa jumuiya ni moja, na linaweza kuanza katika kikao kijacho. Jina la mtu linapoletwa mezani, mwenyekiti aulize kwanza ni nani aliyekwenda kumwona, lini, na alijibu nini. Kama hakuna aliyekwenda, shauri liahirishwe mpaka atumwe mtu, na ujumbe wowote unaomtaja katika kundi la simu ufutwe siku hiyohiyo na yule aliyeutuma.

Mzee wa Kanisa,
Moshi