Barua ya wazi kwa wazazi vijana mliohamia Dodoma: mtoto mgeni anatosheka na chekechea ya nusu siku

Wanangu,

Mbukwenyi, kama wenyeji wetu wanavyosalimia. Nawaandikia ninyi mlioletwa Dodoma na barua za uhamisho, na ninyi mliokuja kufuata ujenzi, biashara na vyuo. Mimi ni mwalimu mstaafu wa darasa la awali. Ninaishi Ilazo, na mtaa wetu umejaa familia changa tangu serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia huku kwa vitendo, baada ya uamuzi wa 1973 kulala makabatini zaidi ya miaka arobaini. Mmetuletea uhai. Nawapenda ninyi na watoto wenu, na ndiyo maana nimeshindwa kunyamaza juu ya haisi ya shule inayopita mtaani kwetu alfajiri.

Inapiga honi saa kumi na moja na nusu. Mwezi wa saba, saa hizo, Dodoma ina nyuzi 13 au 14 na upepo unapasua midomo. Geti la jirani linafunguliwa, anatoka dada wa kazi amembeba mtoto wa miaka mitatu na nusu, sweta juu ya sare, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi, macho yamefumba. Konda anampokea kwa mkono mmoja, anamweka siti ya nyuma katikati ya wenzake waliolala vivyo hivyo, kichwa kinagonga kioo kila gari likipita kwenye tuta. Haisi inazunguka Kisasa, inazunguka Nzuguni, kisha inavuka jiji zima kwenda upande wa pili. Jioni wanagawa watoto kwa mpangilio wao wenyewe, na nyumba inayochukuliwa ya kwanza ndiyo inayoshushiwa ya mwisho. Mtoto anarudi saa kumi na moja jioni. Begini mna daftari: aandike herufi "a" ukurasa mzima, lisahihishwe kesho.

Wazazi wake walitoka Dar es Salaam. Lori la vyombo lilifika Jumamosi, na Jumatatu mtoto akaingizwa kwenye gari. Wikiendi ile alinisalimia shikamoo kupitia matundu ya uzio, akaniuliza bahari iko upande gani. Alikuwa na maneno mengi mtoto yule. Haukupita muda mrefu akaacha kusalimia. Akaanza kukojoa kitandani wakati alishaacha, akawa analia akisikia honi yoyote, hata ya muuza samaki. Mama yake alinijia usiku mmoja akidhani mtoto anaumwa, ameshampima malaria na mkojo, hakuna kitu. Nikamwambia, mwanangu, huyu amechoka, na amepotelewa na watu wake. Kule alikuwa na bibi, ana binamu, ana baraza, anajua duka la pipi liko wapi. Hapa hajajua hata mlango wa chooni unafungukia wapi, mkampeleka kwa watu asiowajua kwa karibu saa kumi na mbili kwa siku.

Nilipouliza kwa nini shule ile, jibu lilikuwa kwamba wenzake wote wa ofisini wamepeleka watoto pale. Hilo ndilo jibu ninaloambiwa kila mwaka. Fomu imejazwa kabla hamjajua mtaa mtakaokaa. Ada ya muhula imelipwa kwa simu mkiwa bado mnafunga maboksi, kwa sababu kundi la WhatsApp la idara limesema nafasi zinaisha. Nyumba mnaitembelea mara tatu kabla ya kulipa kodi, mnafungua bomba kuona kama maji yanatoka, mnauliza umeme wa LUKU. Shule ya mtoto mnainunua kwa picha ya bango.

Na haraka ya nini? Sera ya elimu, toleo la 2023, inataka mwaka mmoja wa awali kabla ya darasa la kwanza, na darasa la kwanza mtoto anaanza akiwa na miaka 6. Mwenye miaka mitatu hajachelewa chochote. Mwenye miaka minne pia. Katika umri huo mtoto aliyehama anahitaji asubuhi chache za kucheza na wenzake, mtu mzima mmoja anayejua jina lake, uji, na kurudi nyumbani kabla jua halijawa kali. Saa tatu au nne kwa siku zinamtosha. Tena kwa mwanzo hata siku tatu kwa wiki zinatosha, na mwalimu mwelewa atakukubalia ukimweleza kwamba mmehamia juzi.

Vituo vya namna hiyo vipo Dodoma, vingi tu, ila havina mabango barabarani. Ondokeni kwenye simu mtembee kwa miguu. Jumamosi asubuhi mshikeni mtoto mkono mzunguke mtaa wenu, umbali ambao miguu yake inaufika. Mwulizeni mama anayeuza mchicha na mlenda, maana yeye anajua watoto wa nyumba zote wanakwenda wapi na nani kawahamisha wa kwake na kwa nini. Ulizeni parokiani, ulizeni kwa Walutheri na Waanglikana, ulizeni msikitini. Shule za vidudu za masista na za misikiti zimelea watoto wa mji huu tangu zamani, na nyingi huachia watoto kabla ya saa sita. Fikeni pia shule ya msingi ya serikali iliyo jirani. Ina darasa la awali, ada haipo tangu Januari 2016, linafundishwa kwa Kiswahili na linatoka mapema. Wengi wenu mnaipita bila kugeuza shingo.

Siwafichi kwamba madarasa hayo mara nyingi yamejaa. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na mtakuta kwingine watoto sabini na mwalimu mmoja aliyekauka sauti. Basi hesabuni vichwa kabla ya kuamua. Lakini hesabuni na huko kwenye ada ya milioni, maana wingi wa watoto haufichwi na rangi ya ukuta.

Jambo la kibali mlijue. Kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kinasajiliwa upande wa Ustawi wa Jamii, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Darasa la awali linasajiliwa upande wa elimu. Mwenye kituo akikuonyesha leseni ya biashara peke yake, mwulize cheti cha usajili kiko wapi. Ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri atakwambia kama kituo kinajulikana, na kumwuliza hakuna malipo. Mtendaji wa mtaa naye anavijua vilivyo kwenye eneo lake.

Mkienda kukagua, nendeni saa nne asubuhi bila kutoa taarifa. Huo ni muda wa uji, mtaona kila kitu. Tazameni choo: tundu lina ukubwa gani, nani anampeleka mtoto, maji ya kunawa yapo au ndoo ni kavu, maana mgao wa maji Dodoma mnaujua. Tazameni geti, nani analifunga na nani anaruhusiwa kumchukua mtoto. Tazameni kivuli. Tazameni kama kuna fimbo juu ya kabati. Kama watoto wote wamekaa kimya mikono mezani, ondokeni. Mwulizeni mwalimu yuko pale tangu lini; kituo kinachobadilisha walimu kila muhula hakimfai mtoto ambaye ndiyo kwanza ameachana na bibi yake. Bebeni kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa, na kituo kisichouliza chanjo wala mzio wa mtoto mkitilie shaka.

Kuhusu Kiingereza sitasema mengi. Mtoto aliyehama ana mambo ya kutosha ya kuzoea, msimwongezee na lugha ambayo hata mwalimu wake anaitafuta. Kitamkuta, kwa sababu sekondari zetu bado zinafundisha kwa Kiingereza. Kwa sasa mwacheni ajue kuomba maji na kusema "naumwa" kwa lugha inayomtoka yenyewe.

Siku za kwanza kaeni naye. Siku ya kwanza akae muda wa saa moja tu, mzazi akiwa kwenye benchi, mtoto akimwona. Ya pili mzazi anatoka hadi getini na kurudi. Hivyo hivyo hadi azoee. Mkiondoka, mwageni: "Mama anakwenda kazini, dada atakuja kukuchukua baada ya uji." Msichoropoke akiwa amegeuka kuangalia bembea. Nimebeba watoto wengi waliogeuka wakakuta mama hayupo, na mtoto wa namna hiyo kesho yake haachii gauni, wala mwalimu hamwamini tena. Kulia dakika kumi ni kawaida, msiogope. Akilia wiki ya tatu mfululizo, hali chakula na usiku anashtuka, kituo hicho hakijamfaa, au siku ni ndefu. Mtoeni, ada iliyolipwa mwiache.

Najua mnachotaka kuniuliza: akitoka saa sita, nani anakaa naye hadi saa kumi? Ni swali la haki, kwa kuwa ofisini mnaripoti saa moja na nusu, na aliyepangiwa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, ana kilomita kama kumi na saba kutoka katikati ya mji. Kuna wenzenu wawili, mume na mke, waliopanga Nzuguni. Walitafuta kwanza chekechea, ndipo wakapanga nyumba ya pili kutoka pale. Dada anavuka barabara ya vumbi kumchukua mtoto, wanakula, analala mchana, mama akifika anamkuta ana nguvu ya kumsimulia. Wengine wamekubaliana nyumba tatu kushirikiana dada mmoja mwenye akili na kumlipa vizuri, yeye anafurahi na watoto wana wenzao. Wengine wamemwita bibi aje miezi ya mwanzo. Tangu 2024 treni ya umeme inamfikisha kutoka Dar kwa saa chache, hana tena sababu ya kuogopa kiti cha basi. Kina baba, kumpeleka mtoto asubuhi kwa miguu ni kazi yenu pia. Nimesimama kwenye mageti ya awali maisha yangu yote ya kazi na baba niliowaona pale ni wachache mno, tena wengi walibaki ndani ya gari.

Ninyi mnaopanga mambo ya nchi nanyi nawasemesha, kwa sababu mnaishi mitaa hii hii. Mmejenga Mji wa Serikali, maghorofa, lami na taa. Stahiki za uhamisho zinahesabu mizigo na familia, vizuri. Lakini ni ofisi ngapi pale zimetenga chumba kimoja chenye mkeka na mlezi kwa watoto wa watumishi? Sheria ya kazi inampa mama siku 84 za uzazi na muda wa kunyonyesha baadaye, ila atanyonyesha vipi mtoto aliye kilomita kumi na saba? Programu ya taifa ya malezi na makuzi ya awali ya mtoto ilizinduliwa hapa hapa Dodoma, Desemba 2021. Ianzieni basi kwenye mageti ya wizara zenu. Tulifika mahali watoto wa awali wakawekwa bweni, hadi mwaka 2023 serikali ikalazimika kutoa waraka wa kukataza bweni kutoka awali hadi darasa la nne. Wazazi hawakuwa wakatili. Hawakuwa na pa kumwacha mtoto saa nane mchana, na mwenye biashara akawauzia kitanda. Hii haisi ya alfajiri ni biashara ya namna hiyo hiyo.

Kwa mnaohama mwisho wa mwaka huu, nafasi za Januari hugawiwa kuanzia Oktoba na Novemba kwenye vituo vidogo, na vile vizuri havina zaidi ya darasa moja au mawili. Mzazi mmoja atangulie wikiendi moja, atafute kituo na nyumba kwa pamoja. Mkifika, mpeni mtoto wiki mbili za kukaa tu nyumbani, ajue dirisha la chumba chake, jina la mbwa wa jirani na njia ya dukani, ndipo mumpeleke. Nunueni sweta nene, kofia ya jua na mafuta ya mgando ya midomo. Na kama mmeshalipa ile ya upande wa pili wa jiji na mtoto ameanza kukojoa kitandani, nendeni kwa mwalimu mkuu wiki hii mwombe atoke saa sita, mkamchukue wenyewe kwa bajaji. Akikataa, Jumamosi anzeni kuzunguka mtaa.

Wenu,
Bibi mwalimu, Ilazo