Kuhusu ile ramani yako ya majina

Kwako Zuhura,

Salamu nyingi. Huku wazima, Neema naye anakusalimu, tena kwa mikwara, kitabu chake bado anakidai. Mengine baadaye, maana rasimu yako imeninyima usingizi.

Ile ramani inapendeza mno, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Umechora mpaka mahali majina ya ukoo yanapobadilika ghafla, kisha ukaandika kwamba hapo ndipo damu za watu zinapoachana. Taratibu, mwenzangu! Jina hufuatana na kromosomu Y, ile sehemu ya DNA ambayo baba humpa mtoto wa kiume, pale tu linaporithiwa toka kwa baba hadi kwa mwana, vizazi na vizazi. Uturuki sheria ya majina ya ukoo ni ya 1934, juzi tu. Iceland ndiyo usiseme: wengi wao hubeba jina la kwanza la baba, kwa hiyo kila kizazi na jina lake. Ukiwachorea hao mpaka, utakuwa umechora nini?

Sisemi njia yenyewe ya kupima undugu kwa majina ni mbovu. George Darwin, mtoto wa Charles Darwin yule wa mageuzi, aliitumia 1875, akahesabu ndoa za watu wenye jina moja ili akadirie ndoa za binamu. Wazazi wake wenyewe walikuwa binamu, sasa usiulize kwa nini! Na wanajenetiki Turi King na Mark Jobling walipopima DNA za wanaume wa Uingereza, wenye majina adimu kama Attenborough wengi walikutwa na Y za ukoo mmoja. Akina Smith wanahusiana kama abiria wa basi moja. Smith maana yake mhunzi, na wahunzi walikuwa kila kijiji, jina likazuka huku na huku. Basi yaondoe kwanza majina ya kawaida, uone kama mpaka wako unabaki.

Halafu akina mama wako wapi? Jina la baba haliwataji kabisa, na mara nyingi wao ndio wanaohama wakiolewa. Watoto wa kulea na wa nje ya ndoa sitaki hata kuwagusa, Mwalimu Hamisi atacheka mpaka jioni.

Lakini narudi kwenye mpaka. Unaweza kuwa wa kweli, ujue. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2015 uliwatenganisha watu wa Cornwall na Devon, karibu sawa na mpaka wa majimbo hayo. Ila walipima DNA, tena ya watu ambao babu na bibi zao wote wanne walizaliwa jirani. Hicho kigezo cha babu na bibi kiibe, kitakufaa.

Sasa nijibu. Majina umeyatoa kwenye orodha ya mwaka gani? Miji mikubwa, iliyojaa wahamiaji, umeiacha ndani? Mwalimu ameshaiona ramani, au unangoja akushtukize mbele ya watu? Tarehe ya kukabidhi ni ile ile? Na ukinitumia faili lote nilipekue mwenyewe, hutanuna?

Wako,
Salome