Barua ya wazi kwa mheshimiwa anayesimamia hospitali zetu Pemba: tunaomba kipimo cha AFP

Assalamu alaykum Mheshimiwa.

Kwa heshima zote nakuandikia mbele za watu kwa sababu ile barua tulioleta ofisini iligongwa muhuri na mpaka leo kimya. Jumatatu hii mdogo wangu kenda kupima damu ya ini, kufika dirishani kaambiwa kipimo cha AFP (protini ya kwenye damu ambayo mara nyingi hupanda ini likiwa na kansa) hakipo, vitendanishi, yaani dawa za kupimia, vimekwisha, akapime kwa binafsi au avuke Unguja. Mashine ipo, tumeiona, imefunikwa kitambaa cheupe. Dada wa maabara simlaumu, kafungua mpaka friji akatuonesha boksi tupu.

Mheshimiwa, mdogo wangu haumwi, na ndo mana anapima. Ana homa ya ini B, kaijua alipokwenda kuchangia damu. Kakaetu alikuwa nayo hiyohiyo na tumemzika mwaka huu kwa kansa ya ini. Yeye nae aligundulika kwa kuchangia damu, akaambiwa kapumzike, punguza mafuta, basi, hakuna aliemwambia arudi. Akaendelea na kazi zake, anabeba magunia ya karafuu, na ini haliumi bwana, linanyamaza tu, mpaka tumbo likajaa maji na macho yakawa njano ndo tunahangaika na boti, tumeuza ng'ombe, tumekopa, tukafika Dar daktari akatazama picha akasema mngekuja mapema. Mapema wapi, na kwa kipimo gani?

Tokea hapo nasoma kila nnachokipata. AFP si kitu kigeni, mwanasayansi Abelev na wenzake kule Umoja wa Kisovieti waliiona kwenye damu ya panya wenye kansa ya ini mwaka 1963. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishaandika kwamba mwenye homa ya ini B ambae ini lake lina makovu, au kwao kuna mtu aliepata kansa ya ini, apimwe AFP na ultrasaundi kila miezi 6. Mdogo wangu ndo huyo hasa. Japani wameshakwenda mbali, wanapima AFP, L3 yake (aina ya AFP inayoelekea zaidi kwenye kansa ya ini) na PIVKA, protini nyengine ya damu. Sie hatujaomba hayo, tunaomba hiyo moja ya zamani.

Najua AFP peke yake haitoshi. Kansa ikiwa ndogo mara nyingi haipandi, na mama mjamzito inampanda bila ya kansa yoyote, ndo mana inaambatana na ultrasaundi. Lakini uvimbe ukikamatwa chini ya sentimita 3 unaweza kukatwa au kuunguzwa kwa sindano na mtu akarudi kwake kwa wanawe. Kakaetu hakupata hata nafasi ya kuulizwa anataka kipi.

Watu mtaani wanasema ni karanga na mahindi ya ukungu, na ni kweli ile sumu kuvu ikikutana na homa ya ini B hatari inazidi sana, lakini huwezi kumwambia mtu asile karanga halafu usimpime. Kwa nini vitendanishi haviji sijui, mie nahisi vinagaiwa Unguja kwanza na sie tunaletewa vilobaki, na kama si hivyo basi tuambiwe ni nini.

Ulisema mwenyewe mkutanoni, na tulikupigia makofi, kwamba Mpemba hatopanda tena boti kufata kipimo cha damu. Mheshimiwa, tunapanda. Wasioweza nauli hawapandi, wanakaa nyumbani mpaka tumbo lijae.

Homa hii mama humpa mtoto wakati wa kuzaa, na mamaetu katuzaa sote kabla ya chanjo yake, na sasa wanawe waliobaki tunatazamana nani anafuata. Wako wengi kama sie, majina yao yamo kwenye madaftari ya damu salama, waiteni.

Nnaloomba ni moja Mheshimiwa, vitendanishi vya AFP viwepo Pemba kila mwezi, sio vije vikae wiki viishe. AFP na ultrasaundi, kila miezi 6, kwa kila anaejulikana ana homa ya ini B, hapahapa kisiwani. Na kama mwezi huu haviwezekani, basi libandikwe tangazo pale dirishani liseme vinakuja mwezi gani, ili mdogo wangu ajue asubiri au nikakope tena.