Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: vidonge 18

Kwako Mganga Mfawidhi,
Hospitali ya rufaa ya mkoa wetu.

YAH: VIDONGE 18 VILIVYOBAKI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shikamoo Daktari. Naanza na salamu kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, na pia kwa sababu sijui kama adabu yangu itafika mwisho wa barua. Jina la hospitali yako silitaji. Wewe unaijua. Mimi naijua kupita kiasi: benchi la nje ya dirisha la dawa lililong'oka mguu likaegemezwa kwenye tofali, feni inayozunguka bila kutoa upepo, na sanduku la maoni ambalo nimelitumbukizia karatasi nne tangu mwaka jana. Kufuli lake limeshika kutu. Siku mkilifungua mtazikuta zote nne, na zote zinasema neno moja.

Juzi Jumanne mdogo wangu, mwalimu aliyepandikizwa figo, alifika dirishani saa 1 asubuhi akiwa na barakoa, kadi ya bima na fomu iliyogongwa muhuri. Saa 6 mchana akaitwa. Kati ya dawa zake, akapewa maikofenoleti, akapewa prednisoloni. Takrolimasi hakuna. Akaambiwa, "Mwalimu, tumia hizi kwanza, hiyo nyingine upitie wiki ijayo." Utadhani ni habari ya wali na maharage, kwamba maharage yakikosekana leo mtu atakula wali mkavu, kesho Mungu atajalia.

Naomba nieleze kidogo, si kwa ajili yako, wewe umesoma, bali kwa wananchi wengine watakaoiona barua hii. Mtu akipandikizwa figo ya mwenzake, askari wa mwili wake wanamwona mgeni. Wanamshambulia, hawajali kwamba mgeni huyo ndiye anayewasafishia damu. Takrolimasi ndiyo inayowatuliza. Mdogo wangu anaimeza kila baada ya saa 12, saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, na ataimeza hivyo siku zote ambazo figo hiyo itakuwa hai. Wala haimezwi kwa kukisia. Damu inachukuliwa asubuhi kabla ya dozi: dawa ikiwa kidogo mwilini, figo inaanza kukataliwa, ikizidi, dawa yenyewe inaiumiza figo. Ndiyo maana hatuwezi kuokota yoyote tunayoikuta mjini, ya kiwanda kingine au ile ya kumeza mara moja kwa siku, bila daktari wake kujua na kumpima upya. Na kugawa dozi nusu ili ifike mwisho wa mwezi haiwezekani. Hilo alilishauri mhudumu wako, kwa nia njema nadhani.

Daktari mmoja wa Dar alitusimulia kwamba mgonjwa wa kwanza kabisa kupandikizwa figo ikakubali, kule Boston mwezi Desemba 1954, alipewa na pacha wake wa kufanana, kwa hiyo mwili haukuona mgeni. Mimi na mdogo wangu si pacha. Tumepishana miaka sita, yeye mrefu mimi mfupi. Figo ni yangu, Daktari. Nilisahau kukuambia.

Mama alitaka kutoa yake, presha ikamkataa. Kaka yetu mkubwa ana sukari. Nikabaki mimi. Kundi la damu likakubali, vipimo vya tishu vikakubali, nikaulizwa kwenye kamati kama kuna mtu amenilazimisha au amenilipa, nikajibu kwamba huyo mtoto nilimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea. Wakanipasua ubavu wa kushoto. Yangu wakaiweka tumboni kwake chini upande wa kulia, zile mbili zilizokufa wakaziacha mahali pake, kwa hiyo ana figo tatu na inayofanya kazi ni moja. Mama husema tangu siku hiyo amekuwa mbishi kama mimi.

Nakumbuka Novemba 2017 nilikuwa nakata kitambaa, redio ikatangaza kwamba hospitali ya Muhimbili, Dar, wamepandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini, wakisaidiana na madaktari kutoka India. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Kabla ya hapo ilikuwa lazima mgonjwa asafiri nje ya nchi. Nilifurahi kama Mtanzania yeyote, nikaendelea kukata sketi ya mtu. Sikujua kwamba taarifa ile ilikuwa inanitafuta mimi.

Watu wanadhani upasuaji ndio kazi. Upasuaji uliisha kwa siku moja. Kazi ilianza tuliporudi nyumbani. Askari wa mwili wakitulizwa, kila ugonjwa unapata njia, kwa hiyo miezi mitatu ya mwanzo hakuna mgeni aliyevuka mlango. Majirani walikuja kumpa pole wakiishia barazani, tukawapa chai wakiwa wamesimama, na mtaa mzima ukasema tumeota mapembe. Kuku wakahamishiwa kwa shangazi. Maji yanachemshwa hata ya kusukutulia mdomo, kachumbari marufuku, maziwa ya mgando marufuku. Baba mdogo alipofariki, mdogo wangu hakwenda mazikoni, na wapo ndugu ambao mpaka leo hawajamsamehe. Wifi yangu aliacha kuuza vitumbua kwa sababu moshi ulikuwa unaingia chumbani kwake.

Uani kwetu kulikuwa na mbalungi alioupanda marehemu baba mwaka niliozaliwa mimi. Tukaambiwa kwamba balungi na takrolimasi haviendi pamoja, tunda hilo linaipandisha dawa kwenye damu mpaka inakuwa sumu. Mdogo wangu alikuwa akila mabalungi tangu utotoni, na watoto wa jirani hawaachi kuyaokota na kumletea mwalimu wao zawadi. Mama akaita mtu mwenye msumeno. Hakusema neno siku nzima. Sasa nikuulize kwa heshima: familia iliyokata mti wa marehemu ili dozi isivurugike, unadhani itaelewa neno "upitie wiki ijayo"?

Nirudi kwenye ahadi, maana wewe mwenyewe ndiye uliyeitoa. Mei mwaka jana, kwenye kikao cha kusikiliza kero, nilisimama nikaeleza kwamba kila mwezi tunapanda basi la usiku, tunapita Msamvu, Morogoro, watu wamelala, tunashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi alfajiri, mgonjwa asiye na kinga amebanwa kati ya abiria wanaokohoa, yote hayo kufuata kopo la vidonge. Ukachukua kipaza sauti. Nyuma ya kadi ya kliniki niliandika maneno yako: "Kuanzia mwezi wa saba, wagonjwa wetu wa figo dawa watazifuata hapa hapa, hilo mniachie mimi." Ulipigiwa makofi. Na mimi nilipiga, mpaka mshono ukaniuma.

Tukakuachia wewe. Na haki yako nakupa: mwezi wa saba dawa ilikuwepo, wa nane, wa tisa na wa kumi ikawepo. Kule Dar wakaacha kutupa kwa kuwa tumehamishiwa kwako. Hapo ndipo ilipoanza kukatika. Mara ipo nusu. Mara mtandao hakuna. Mara mwenye funguo za stoo yuko semina.

Februari ilikosekana kabisa. Sisi wa takrolimasi tunaokuja kwako hatufiki kumi, tunajuana wote, tunakopeshana vidonge kama watu wanavyokopeshana chumvi. Mama mmoja aliyepewa figo na mwanawe alitugawia sita kutoka kwenye kopo lake, akivihesabu kimoja kimoja, midomo inamcheza. Vikaisha. Siku nne mdogo wangu hakumeza. Siku ya tano mkojo ukapungua, miguu ikajaa, ukigusa tumbo chini kulia anaruka. Kreatinini, kile kipimo cha damu kinachopanda figo ikishindwa kazi, iliyokuwa 112 ikasoma 246. Rufaa ikaandikwa usiku, mafuta ya gari la wagonjwa tukachangia sisi, risiti ninayo kama mtaitaka. Kule walimwekea dripu ya dawa kali siku tatu mfululizo, akalazwa siku tisa, mimi nikiwa sakafuni chini ya kitanda chake. Alitoka ikiwa 151. Pale 112 haijarudi, na tumeambiwa tusiitegemee kurudi.

Kwa hiyo Daktari, kile kipande kilichopungua, ambacho dripu haikukirudisha, ni nyama yangu. Niliitoa nzima. Imepunguzwa dirishani kwako.

Nimeuliza sababu. Dirishani wanasema haijaletwa. Stoo wanasema haijaagizwa. Watu wa bima wanasema wao wameidhinisha na hawajui tunalalamika nini. Mfamasia aliyekuwa akituhangaikia alihamishwa Oktoba, na mimi naanza kuamini kwamba utaratibu wote wa kuagiza ulikuwa kichwani mwake, akaondoka nao pamoja na mabegi yake. Au labda tatizo ni uchache wetu: nani ahangaike kuagiza dawa ya watu wasiofika kumi, mmoja akifa ikabaki ikaisha muda wake, ikawa hoja ya ukaguzi? Au ni deni. Deni huwa halikosekani. Nakisia tu, na nakisia kwa sababu hakuna aliyewahi kunijibu. Ila jambo moja halihitaji kukisia: makato ya bima hayajawahi hata mwezi mmoja kupotea njia kwenye mshahara wa mwalimu. Hayo mtandao wake upo daima.

Na kama ni hesabu ndiyo inayowasumbua wakubwa, tuifanye. Figo hii ikifa, mdogo wangu anarudi kwenye mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki, kila mara analala pale kwa muda wa saa nne. Alikaa hivyo miezi 14, mimi ndiye niliyekuwa nampeleka. Mashine, maji, mirija, sindano, wauguzi, wiki kwa wiki bila mwisho. Bima hiyo hiyo italipa. Mnabana kopo la vidonge ili mje kulipia mashine? Mnisamehe, mimi ni fundi cherehani, nilikuwa fundi cherehani, cherehani niliiuza Februari kununua dozi ya wiki mbili kwenye duka binafsi, lakini hata mimi najua kwamba huwezi kuokoa uzi kwa kuchana nguo.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na mambo saba ya kukuomba. Nilitaka kipimo cha kiwango cha dawa kwenye damu kifanyike hapa mkoani. Nilitaka wagonjwa waliopandikizwa wasikalishwe foleni moja na wanaokohoa. Nilitaka waganga wa wodi ya kawaida wakumbushwe wasimchome mtu wa namna hii diklofenaki, sindano ya maumivu inayoumiza figo, akisema mgongo unauma, kama ilivyotaka kutokea mwezi wa tatu wifi yangu akaudaka mkono wa mtu. Nilitaka jina la mtu mmoja na namba ya simu ya ofisi inayopokelewa. Nilitaka benchi.

Yaache yote. Hata benchi liache na tofali lake.

Nataka takrolimasi ya miligramu moja, ya kiwanda kile kile, kopo la mwezi mzima, iagizwe kabla kopo lililopo halijaisha. Basi. Iagizwe kabla haijaisha. Sijui nilisemeje tena. Ikibaki ya wiki mbili, iagizwe.

Jana usiku Mama aliniuliza, kama presha yake ikishuka, je, na yeye anaweza kupimwa tena, "maana yako naona wanaichezea." Sikumjibu. Nilijifanya natafuta chaji.

Leo ni Alhamisi, mdogo wangu ameshameza dozi ya saa 2 usiku. Nimevimwaga vidonge mezani, nimevihesabu mara mbili, wifi naye akavihesabu. Ni 18. Viwili asubuhi, viwili usiku. Ijumaa vinabaki 14. Jumamosi 10. Jumapili 6. Jumatatu viwili. Jumanne asubuhi anameza viwili hivyo, anavaa shati, anakwenda kufundisha hesabu za kidato cha pili.

Jumatatu saa 1 asubuhi nitakuwa nje ya ofisi yako, si dirishani. Nimevaa gauni la bluu. Katibu muhtasi wako akisema uko kikaoni, nitakungoja kikao kiishe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Dada wa mwalimu, mwenye figo moja.