Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maua Yetu na Majina Yake

Ndugu wanachama,

Mahesabu atayasoma mweka hazina, na maonyesho ya mwaka huu mliyaona wenyewe. Mimi naomba nizungumzie jambo moja tu, majina.

Siku ile ya maonyesho ziliwekwa mezani violeti mbili za Usambara. Petali za zambarau zenye ukingo mweupe, majani yaleyale ya manyoya. Kijiti kimoja kiliandikwa 'Malkia', kingine 'Bibi Harusi'. Wenyewe walipoulizana, ikabainika kuwa majani ya kuotesha waliyapata kwenye kitalu kimoja; wino ulifutika kwa kumwagilia, kila mmoja akabuni jina lake. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini mama mmoja alizinunua zote mbili akidhani ni aina mbili, na jambo hilo liliniuma sana.

Ua hili asili yake ni huku kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani Wendland aliliita Saintpaulia, kwa heshima ya Saint Paul-Illaire, mtawala wa Tanga aliyelipeleka kwao. Mwaka 2015 wataalamu wakalihamishia katika jenasi (ukoo mdogo wa mimea inayofanana) ya Streptocarpus. Ila 'Blue Boy', aina iliyochaguliwa zamani kule Los Angeles, bado ni 'Blue Boy'. Jina la jenasi limebadilika, la aina limebaki, kwa kuwa limeandikwa mahali panapojulikana.

Mahali hapo, kwa violeti, ni African Violet Society of America, chama kilichoanzishwa mwaka 1946. Ndicho kinachosajili majina ya aina zake kwa dunia nzima: jina lisiwe limeshatumika, na liambatane na maelezo ya ua na jani. Tusichanganye mambo hapa. Kusajili jina hakukupi umiliki wa mmea. Umiliki ni haki ya mgunduzi wa aina mpya, ambayo kwetu Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2012, na maombi yake ni mengine kabisa.

Maelezo hayo ndiyo kinga yetu. Chukueni violeti yenye milia: ukiiotesha kwa jani, mara nyingi mche hutoa ua la rangi moja. Anayeuuza mche huo kwa jina la mmea mama, ule uliotoa jani, anamdanganya mteja, hata kama hajui. Maelezo yakiwa yameandikwa, mteja atalinganisha ua lake nayo na kuona tofauti.

Kwa hiyo kamati imefungua daftari. Mwenye mche mpya aulete ukiwa na maua, aseme mama yake ni upi na aliotesha lini, naye katibu atamsaidia kujaza fomu ya usajili. Hadi hapo, tafadhali msiuuze kwa jina lolote. Na vijiti tuandike kwa penseli, maji hayaifuti.