Kituo kitangulie, chuo kifuate

Ndugu Mhariri,

Wiki jana msomaji wako mmoja aliandika kwamba dawa ya foleni za Dar es Salaam ni kuvitoa vyuo katikati ya jiji na kuvipeleka pembezoni, kama walivyofanya Tokyo. Mimi ni mpima ardhi mstaafu, nakaa Kibamba, na mwaka 1994 niliishi miezi kumi Hachioji, magharibi mwa Tokyo, mji wenye vyuo vikuu na vyuo vingine vipatavyo 20. Naomba nafasi niimalizie hadithi yake, maana kaisimulia nusu.

Kuhamisha walihamisha kweli. Mwaka 1959 Japani ilitunga sheria ya kuzuia viwanda na vyuo vikubwa kuongezeka katikati ya jiji, na haikufutwa hadi 2002. Vyuo vikakimbilia vilima vya Tama. Kimojawapo kinaitwa Chuo. Ndiyo, Chuo Kikuu cha Chuo! Wenyeji wangu walicheka sana nilipowaeleza maana yake kwetu. Kwao neno hilo ni "kati", na hicho cha kati ndicho kilichokwenda pembeni, mwaka 1978. Reli ya juu ilikifikia Januari 2000. Hesabu mwenyewe miaka hiyo. Nilipokuwa huko, wanafunzi walikuwa wakishuka kwenye kituo cha bustani ya wanyama na kupandisha kilima kwa miguu, wengine wakibanana kwenye mabasi. Aprili 2023 kitivo chake cha sheria kilirudi mjini.

Sasa tazama Minami-Osawa, humo humo Hachioji. Kituo cha treni kilifunguliwa 1988, na Chuo Kikuu cha Jiji la Tokyo kikahamia 1991. Mwanafunzi wa siku ya kwanza alishuka kwenye treni akaingia darasani. (Kule kilikotoka, kituo bado kinaitwa Toritsu-daigaku, yaani chuo cha jiji, ingawa chuo hakipo. Mtu wa Dar hilo halimshangazi. Tunashuka Mwembechai kila siku na hatuulizi mwembe uko wapi.)

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wako hakuligusa, na kwangu ndilo tamu zaidi. Kampuni ya reli iliyounganisha Shibuya na Yokohama iliipa Keio, chuo kikuu binafsi cha Tokyo, ardhi bure pale Hiyoshi, njiani kati ya miji hiyo, na kampasi ikafunguliwa 1934. Haikuwa sadaka. Asubuhi treni hujaa kwenda mjini, zikirudi ni viti vitupu. Weka shule huko nje, viti vinapata watu wanaolipa nauli.

Mjukuu wangu yuko kidato cha pili, shule yake iko mjini. Saa kumi na moja alfajiri ameshasimama kituoni. Konda akiona sare anapiga bati, gari linaondoka. Akiwa na huruma anasema "wanafunzi wawili tu", nao wapo kumi na tano. Wakati huo huo, ng'ambo ya barabara, magari yanatoka mjini konda akipiga kelele "Kibaha, Kibaha" kuwaita abiria wasiokuwepo. Shule nzuri ingekuwa huku, watoto wa Magomeni wangekuja wamekaa, tena konda angewabembeleza.

Lakini nani aliyeandaa njia? Mlimani iliwezekana mwaka 1964, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipohamia huko kutoka Mtaa wa Lumumba, katikati ya jiji, kwa sababu wanafunzi walilala huko huko kwenye mabweni. Leo wengi wanapanga Sinza, Makongo, hata Mbezi, na kila asubuhi wako barabarani pamoja nasi. Chuo kikihamishwa porini bila basi, foleni haijaondoka, imerefushwa.

Nisijifanye msafi. Katika kazi yangu nimechora viwanja vingi upande huu wa Barabara ya Morogoro. Eneo la shule tuliliacha, la zahanati na la soko pia. Kituo cha daladala hatukukichora hata mara moja; tulidhani magari yatajitafutia pa kusimama. Yamejitafutia kweli. Yanasimama mbele ya geti langu, na watoto wanasubiri wamekaa juu ya jiwe la mpaka nililolizika kwa mikono yangu.

Mpima ardhi mstaafu,
Kibamba, Dar es Salaam