Malalamiko kuhusu sharti la tatizo moja kwa kila ziara

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wagonjwa,

YAH: SHARTI LA TATIZO MOJA NA MAOMBI YA KUREJESHEWA ADA

Ndugu Meneja,

Kwenye dirisha la mapokezi la kliniki yenu, na ndani ya vyumba vya madaktari, kumebandikwa tangazo kwamba mgonjwa ataeleza tatizo moja tu kwa kila ziara, na akiwa na la pili atajiandikisha upya. Naomba tangazo hilo liondolewe. Naomba pia nirejeshewe ada ya ziara yangu ya pili, maana haikuwa na sababu ya kuwepo.

Nilikuja kwenu na kikohozi kikavu kisichotoa hata tone la makohozi, na usiku ndipo kilipozidi. Nilipomaliza kukieleza nikataka kutaja dawa yangu ya presha. Daktari akanikatisha, kwa upole nakiri, akaelekeza kalamu ukutani: "Hilo la presha utaandikisha tena." Nikatoka na dawa ya maji na antibayotiki. Nilizimaliza zote, kikohozi kikabaki palepale.

Aliyenisaidia ni mfamasia wa duka la dawa, nilipokwenda kununua chupa nyingine. Aliniuliza kama kuna dawa nyingine ninayotumia. Nikamtajia lisinopril, ile dawa yangu ya presha, niliyoanzishiwa muda mfupi kabla ya kukohoa. Akanieleza kuwa dawa za kundi hilo, enalapril na captopril zikiwemo, hujulikana kwa kuleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watumiaji, na kwamba dawa ya maji haitafua dafu. Nirudi kwa daktari anibadilishie, wala nisiiache kwa uamuzi wangu. Nikarudi kwenu, nikalipa tena, nikabadilishiwa. Kikohozi kikaondoka polepole.

Kwa hiyo yale mliyoyahesabu kuwa matatizo mawili yalikuwa moja. Mimi ningejuaje? Mtu anaweza kuja na kiu isiyokatika, haja ndogo ya kila mara usiku, kukonda na macho yanayoona ukungu. Kwa hesabu yenu hizo ni ziara nne. Kwa daktari aliyeachwa asikilize, ni sababu ya kupima sukari papo hapo. Mwingine anameza diclofenac, dawa ya maumivu, kwa ajili ya goti huku presha yake haishuki. Akija siku ya goti haruhusiwi kutaja presha, akija siku ya presha goti halimo, na dawa yenyewe ndiyo inayoweza kuwa inaipandisha. Kuunganisha mambo ya namna hii ni kazi ya daktari, na ndiyo tunayoilipia. Ninyi mmeihamishia kwa mgonjwa, tena kabla hajapimwa chochote.

Liko na la aibu. Watu wengi hawaanzi na lile linalowatisha. Mama ataanza na mafua, na uvimbe alioushika kwenye titi atautaja anapoinuka kuondoka. Baba ataanza na mgongo, na damu aliyoiona chooni ataisema mwishoni, tena kwa kuzunguka. Tumelelewa tukiambiwa mficha maradhi kilio humfichua. Tangazo lenu linamfundisha mtu kuficha.

Najua mtajibu kwamba foleni ni ndefu na muda hautoshi. Foleni nimeiona na madaktari wenu nawahurumia. Lakini hofu kwamba mgonjwa akiachiwa atasema hadi jioni haina msingi mkubwa. Watafiti wa hospitali ya chuo kikuu mjini Basel, Uswisi, walichapisha mwaka 2002 matokeo ya kuwaacha wagonjwa 335 waeleze shida zao bila kukatishwa: kwa wastani walisema kwa sekunde 92, na 78% walikuwa wamemaliza ndani ya dakika mbili. Kuelekeza kalamu ukutani na kubishana nami hakukuchukua muda mfupi sana kuliko huo.

Sidai kila jambo litibiwe siku hiyohiyo. Ninachotaka ni mgonjwa aulizwe mwanzoni yote yaliyomleta, kisha daktari ndiye aamue lipi haliwezi kungoja na lipi lipangiwe siku nyingine, na wenye mengi waruhusiwe kuomba muda mrefu zaidi wanapojiandikisha. Swali la dawa anazotumia mtu lisihesabiwe kabisa kuwa tatizo. Na pale daktari anapomrudisha mgonjwa kwa jambo alilokatazwa kulieleza, asilipishwe mara ya pili.

Nakala za stakabadhi zote mbili na za vyeti vya dawa nimeziambatanisha. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14, likieleza pia ni nani aliyeidhinisha sharti hili, na kama ni daktari au mhasibu. Nisipolipata, nitapeleka barua hii pamoja na viambatanisho kwa mamlaka inayosimamia vituo vya afya.

Wenu,
Mgonjwa wa kliniki yenu
(jina na namba ya faili vimo kwenye stakabadhi)